Bajeti imepita bungeni, mbona Hazina hailipi?

"Mtaalamu, nina kampuni ndogo ya samani. Miezi kumi na minne iliyopita niliiuzia wizara moja ya serikali madawati, meza na makabati. Mzigo ulipokelewa, ukakaguliwa, nikasainiwa hati zote. Tangu hapo kila nikienda kuulizia malipo naambiwa 'tunasubiri Hazina'. Bajeti ya wizara hiyo ilisomwa na kupitishwa bungeni, nilifuatilia mwenyewe. Sasa fedha zilizopitishwa zimekwenda wapi? Na hiyo Wizara ya Fedha ina kazi gani hasa, ikiwa kodi inakusanywa na mamlaka nyingine, noti zinatolewa na benki kuu na matumizi yanaamuliwa na bunge? Kwa nini wasichapishe tu wakatulipa? Nina mkopo benki, na wafanyakazi tisa wananitazama machoni."

Ndugu msomaji, pole sana. Kwa miezi hiyo kumi na minne umeikopesha serikali bila kuombwa wala kuandikiana riba, na wanaokutazama machoni wanakuona wewe, hawaioni serikali. Umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: fedha ziko wapi, wizara hii ni ya nini, na kwa nini zisichapishwe. Nianze na la kwanza, maana jibu la pili limo ndani yake.

Bajeti iliyopitishwa ni ruhusa ya kutumia. Siku wabunge wanapopiga kura, hakuna hata senti inayoingia kwenye akaunti ya wizara iliyokuagiza samani. Kilichopatikana ni kibali kinachosema: fungu fulani linaweza kutumia hadi kiasi hiki, kwa kasma hizi, yaani vifungu hivi vya matumizi, kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Jina la kitabu chenyewe linatamka wazi, ila tumelizoea hadi hatulisikii: Makadirio ya Mapato na Matumizi. Upande wa mapato umekadiriwa na binadamu waliokaa mezani miezi kadhaa kabla ya mwaka kuanza, wakibashiri uchumi utakua kwa kiasi gani, shehena ngapi zitapita forodhani, bei ya mafuta itasimama wapi. Mwaka ukishaanza, matumizi yana kibali cha bunge, lakini hakuna kibali kinachoweza kuyaamuru mapato yaje.

Wakati mwingine mambo hukaa kinyume, na kinyume hicho ndicho kinachofundisha zaidi. Kuanzia Desemba 22, 2018 hadi Januari 25, 2019, siku 35, sehemu ya serikali ya Marekani ilifungwa na watumishi wapatao 800,000 wakakosa mishahara yao kwa wakati. Hazina ya nchi ile haikuwa imeishiwa. Bunge na rais walikuwa hawajakubaliana juu ya sheria ya matumizi, basi fedha zikawepo bila ruhusa. Wewe una ruhusa bila fedha. Wizara ya Fedha ndiyo inayokaa katikati ya vitu hivyo viwili kila siku ya kazi, na ukiniuliza kazi yake hasa, nitakuonyesha nafasi hiyo kabla ya kukutajia idara hata moja.

Hebu tuingie humo. Serikali nyingi huweka fedha zao kwenye akaunti kuu moja, au kundi la akaunti zilizounganishwa, katika benki kuu. Kodi haiingii humo kama maji ya bomba. Kodi ya mapato ya makampuni huja kwa awamu, miezi mingine inafurika, mingine inakauka. Mishahara haijui hayo. Mwisho wa mwezi ukifika inataka kulipwa. Riba ya deni la nje ina tarehe yake, tena kwa fedha za kigeni. Hivyo kuna watu wanaoanza asubuhi kwa kuangalia salio, kisha orodha ya wanaodai, kisha kuamua nani atapata mgao wiki hii na nani atasubiri. Nimewahi kukaa kwenye meza ya namna hiyo. Mtu wa nje hudhani ni meza ya wenye fedha, kumbe ni meza ya watu wanaosema "bado" tangu asubuhi hadi jioni.

Foleni ile ina mpangilio wake. Mbele kabisa hukaa deni la taifa, ambalo katika nchi nyingi sheria inalitaka lilipwe kabla ya kitu kingine chochote, hata bila kupigiwa kura kila mwaka. Sababu ni rahisi: serikali ikikosa tarehe moja ya kulipa hatifungani, yaani hati za mkopo ilizowauzia wakopeshaji, habari inaenea duniani siku hiyohiyo na kila mkopo unaofuata unakuwa ghali. Nyuma yake wapo watumishi na wastaafu, kwa kuwa walimu na askari wasiolipwa hawakai kimya. Halafu dharura. Wazabuni na makandarasi, yaani wewe na wenzako, mko mkiani.

Tazama nafasi hiyo inavyokuumiza kihesabu. Chukua bajeti ya kubuni ya 100. Deni linachukua 25, mishahara na pensheni 40, yanabaki 35 kwa mengine yote: dawa, barabara, mafuta ya magari, madawati yako. Mwaka ukaenda, mapato na mikopo vikafika 90. Kwenye habari utasikia lengo limefikiwa kwa asilimia 90, na kwa kweli si matokeo mabaya. Lakini zile 10 zilizopungua hazikatwi kwa kila mtu sawasawa. Deni halikatwi, mshahara haukatwi. Zote zinatoka kwenye ile 35, ambayo sasa ni 25. Upungufu wa asilimia 10 kwa serikali umegeuka kuwa karibu asilimia 29 kwa kundi lako, na ndani ya kundi hilo dawa zitalipwa kabla ya makabati.

Kwa nini basi makadirio yawe makubwa kuliko uwezo? Hapa wizara haina pa kujificha. Kila sekta inakuja na mahitaji ya kweli, na njia rahisi ya kuwaridhisha wote karatasini ni kuinua kidogo makisio ya mapato. Waziri wa Fedha mwenye msimamo huwapa wenzake ukomo wa bajeti mapema na kukataa kuuvuka hata wakinung'unika. Asiye na msimamo, au aliyezidiwa na wakubwa wake, huandika matumaini kwenye kitabu, na matumaini hayo ndiyo yanayokuja kuwa ankara kama yako. Kisiasa, kazi ngumu kuliko zote ya wizara hii ni kusema hapana mwezi ule ambao kusema ndiyo hakugharimu kitu bado.

Ila nisiwatupie lawama zote. Wizara iliyokuagiza nayo yaweza kuwa na mkono wake. Zipo taasisi zinazoagiza mali kabla ya kuhakikisha kasma ina salio, au zinazohamisha fedha walizokwisha pewa kwenda kwenye safari na semina, kisha mzabuni anaambiwa "tunasubiri Hazina". Maneno hayo mara nyingi ni kweli. Mara nyingine ni pazia. Nitakueleza hapo mbele namna ya kulifunua.

Sasa hao wengine uliowataja. Ni kweli mamlaka ya mapato ndiyo inayokusanya, lakini inakusanya kwa sheria ambazo Wizara ya Fedha imeziandaa na kuzipeleka bungeni: viwango gani, nani asamehewe, lini. Bunge linaidhinisha matumizi, lakini linaidhinisha kitabu kilichopikwa na wizara. Benki kuu inatunza akaunti na kusimamia thamani ya fedha. Mgawanyo huu si uleule kila nchi. Marekani maandalizi ya bajeti yaliondolewa kwenye Hazina mwaka 1939 yakahamishiwa ofisi ya rais. Australia mwaka 1976 iligawa shughuli hizi katika wizara mbili, moja ya sera za uchumi na nyingine ya kudhibiti matumizi. Popote pale lazima awepo mmoja anayeangalia mapato, matumizi na deni kwa pamoja, maana kila mwingine anaona kipande chake tu.

Kwenye deni ndiko sahihi ya waziri huyu inakuwa nzito kuliko unavyodhani. Wizara hukopa kwa dhamana za muda mfupi, yaani hati za mkopo usiozidi mwaka, kwa kawaida za siku 91, 182 na 364, kuziba yale mabonde ya mapato niliyoyataja, na kwa hatifungani za miaka mingi kugharamia nakisi, yaani pengo kati ya mapato na matumizi. Tena inaweza kudhamini mikopo ya mashirika: shirika likishindwa, taifa linalipa. Msumbiji iliingia kwenye shimo hilo. Mwaka 2013 na 2014 kampuni za serikali zilikopa takribani dola bilioni 2 kwa mambo ya ulinzi wa pwani na uvuvi wa jodari, kwa dhamana zilizosainiwa na waziri wa fedha, na sehemu kubwa ya mikopo hiyo ikafichwa bunge na wafadhili. Ilipofichuka mwaka 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa na wahisani walisimamisha misaada, sarafu ikaporomoka, na nchi ikashindwa kulipa kwa wakati. Aliyekuwa waziri huyo, Manuel Chang, alikutwa na hatia na mahakama ya New York mwaka 2024. Raia ambaye hajawahi kuikaribia boti hata moja ya uvuvi wa jodari alilipia kwa bei ya mkate.

Umeuliza kuhusu kuchapisha. Swali si la kijinga, serikali nyingi zimelijibu kwa vitendo. Benki kuu ikiandikia serikali fedha mpya, madeni ya wazabuni yanaweza kulipwa kesho. Tatizo ni kwamba mbao, misumari na gundi havikuongezeka usiku huo. Fedha nyingi zaidi zinakimbilia bidhaa zilezile, bei zinapanda, nawe unapokea kiasi kilichoandikwa kwenye ankara lakini hakikurudishii hata gharama ya malighafi. Ukifanywa mara moja na kidogo, mchezo huu huenda usionekane. Ukigeuzwa mazoea unafika ilikofika Ujerumani mwaka 1923, au Zimbabwe, ambayo Januari 2009 ilitoa noti ya trilioni 100 na mwaka huohuo ikaachana na sarafu yake kwa kutumia za kigeni. Ndiyo sababu nchi nyingi zimeweka ukuta kati ya wizara na benki kuu. Uingereza, kwa mfano, mwaka 1997 iliiachia benki kuu uamuzi wa viwango vya riba. Ukuta huo unakuudhi leo kwa kuwa unazuia malipo yako. Bila huo, malipo yangekuja yakiwa karatasi.

Na hata pasipo kuchapisha chochote, waziri anaweza kuharibu kwa maneno tu. Septemba 23, 2022, serikali ya Uingereza ilitangaza punguzo kubwa la kodi bila kueleza litafidiwa na nini na bila makadirio ya taasisi yao huru ya bajeti. Siku tatu baadaye pauni ilishuka dhidi ya dola hadi kiwango cha chini kuliko vyote katika historia yake, riba za mikopo ya nyumba zikapanda, na Septemba 28 benki kuu ikalazimika kuingilia kununua hatifungani za serikali. Waziri wa fedha, Kwasi Kwarteng, aliondolewa Oktoba 14. Waziri mkuu akatangaza kujiuzulu Oktoba 20. Wanaoikopesha serikali waliacha kuamini hesabu, na familia zilizokuwa zinatafuta mikopo ya nyumba ndizo zilizopelekewa bili.

Usifikiri ugonjwa wako ni wa nchi maskini peke yake. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2011 inayozitaka taasisi za umma kulipa ndani ya siku 30, au 60 kwa mazingira maalumu, na mchelewaji aongeze riba. Pamoja na sheria hiyo, Italia ilikuwa na malimbikizo makubwa kiasi kwamba mwaka 2013 ililazimika kutenga mabilioni ya euro kuyapunguza, na mwaka 2020 mahakama ya Umoja huo ikaamua kuwa nchi hiyo imekiuka wajibu wake. Serikali zinapenda malimbikizo kwa sababu moja ambayo hazitaisema hadharani: ni mkopo usio na riba, usiopigiwa kura, na usioonekana haraka kwenye takwimu za deni. Gharama yake huja kwa mlango wa nyuma. Wazabuni wanaongeza bei kufidia kungoja, mabenki yanabaki na mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa, na asiyelipwa naye halipi kodi. Ongeza na hili, ambalo hunikera kila ninapolieleza: serikali isiyokulipa ndiyo hiyohiyo inayoshindana nawe benki. Benki ikiweza kuikopesha kwa usalama kupitia dhamana, wewe unapewa kilichobaki, kwa riba ya juu.

Basi ufanye nini? Kwanza jua faili lako limekwama wapi, kwa kuwa "tunasubiri Hazina" linaweza kumaanisha mambo matatu tofauti. Huenda agizo lako la ununuzi halikuwahi kuingizwa kwenye mfumo wa malipo dhidi ya kasma yoyote. Huenda liliingizwa, ankara ikapokelewa, lakini hati ya malipo haijaandaliwa. Au hati ipo, imeidhinishwa, na kinachongojwa kweli ni mgao. Katika hali mbili za kwanza, Hazina haijui hata kama upo duniani. Kwa hiyo acha kuuliza "nitalipwa lini?" Uliza: hati yangu ya malipo ni namba ngapi, iliingizwa tarehe gani, na kwa mwaka gani wa fedha? Mhasibu mwenye majibu atakupa ndani ya dakika tano. Asiyekuwa nayo atakuambia urudi wiki ijayo, na hapo utakuwa umejua.

Swali la mwaka wa fedha lina uzito kwako, maana katika miezi kumi na minne lazima mwaka mmoja umefungwa. Mwaka ukifungwa, kwa kawaida ruhusa ya kutumia iliyobaki hufa. Deni lako halifi, ila linapaswa kuhamishiwa kwenye bajeti mpya ya wizara husika au kwenye orodha ya malimbikizo, mara nyingi baada ya kuhakikiwa na wakaguzi. Wasipolihamisha unakuwa na haki isiyo na kasma. Mwandikie barua afisa masuuli wa wizara iliyokuagiza, yaani mtendaji mkuu anayewajibika kwa hesabu zake, ambatanisha agizo, hati ya kupokelea mzigo na ankara yenye muhuri, na uombe uthibitisho wa maandishi kuwa deni linatambuliwa. Nakala ipeleke Wizara ya Fedha na kwa mkaguzi wa ndani. Barua yenye muhuri wa kupokelewa ina thamani kuliko ziara ishirini.

Uthibitisho huo ukiwa mkononi, nenda benki kabla hujakosa rejesho, usiende baada. Afisa mikopo anaweza kupanga upya mkopo wa mtu mwenye deni linalotambuliwa na serikali. Aliyekwisha shindwa humwona kwa jicho jingine. Zipo pia taasisi zinazonunua ankara kwa punguzo: unapata fedha leo, wao wanabaki kungoja. Njia hiyo inasaidia ikiwa punguzo ni dogo kuliko riba unayotozwa na benki wakati unasubiri, basi piga hesabu kwa utulivu usiharakishwe na njaa. Askari wa vita vya uhuru vya Marekani waliuza hati zao za madai kwa sehemu ndogo tu ya thamani yake, wakiamini hazitalipwa kamwe. Mwaka 1790 Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa Hazina ya nchi ile, alipendekeza zilipwe kwa thamani kamili kwa yeyote anayezishika, ili taifa lianze kuaminika kwa wakopeshaji. Taifa likaaminika. Faida wakaipata walanguzi.

Mahakama ni njia halali lakini uijue ilivyo. Katika nchi nyingi huwezi kukamata mali ya serikali hata ukishinda, kwa hiyo hukumu inaweza kuwa karatasi nyingine kwenye foleni ileile. Faida yake ni kwamba inasimamisha ubishi kama deni lipo, na wakati mwingine inaongeza riba. Mwone wakili ana kwa ana mapema ikiwa muda wa kisheria wa kudai unakaribia kwisha, ikiwa wizara inakana kupokea mzigo, au ikiwa mkataba una kipengele cha riba ya ucheleweshaji ambacho hukukisoma vizuri. Mwone mhasibu au mshauri wa kodi kuhusu kodi ya ongezeko la thamani: mara nyingi inadaiwa tangu ulipotoa ankara, hata kama hujalipwa, na baadhi ya nchi huruhusu nafuu au kufidiana kati ya unachodai serikalini na unachodaiwa. Na mtu akikunong'oneza kwamba faili litatembea ukilitolea "nauli", usitoe. Zaidi ya kuwa ni kosa la jinai linalokukamata na wewe, hana uwezo wa kuongeza salio la akaunti kuu. Anachoweza ni kumshusha mwenzako kwenye foleni, na kesho atakushusha wewe kwa nauli ya mwingine. Peleka taarifa kwa chombo cha kupambana na rushwa.

Ukipata ile namba ya hati ya malipo na mwaka wa fedha ilikoandikwa, niandikie tena pamoja na lugha halisi ya kipengele cha malipo kwenye mkataba wako. Ukiambiwa hati haipo, niandikie pia, maana barua ya kwanza kwa afisa masuuli itabidi iandikwe kwa namna nyingine.